Kufuli la Ofisi ya Watu Wazima

Griftu
11 Mei 1996

Hinda, binti wa ndugu yangu,

Assalaamu alaikum. Barua yako imenifikia kwa mkono wa dereva wa lori la mbuzi. Ina mistari minne na yote minne ina hasira. Unasema chuo hakina pahali pa mama mwenye mtoto wa kunyonya, unasema vijana wa darasani wanakucheka, unasema utarudi. Hukuniuliza hata kama mvua imenyesha.

Nitakujibu polepole, maana ndivyo nilivyokufundisha kusoma.

Kumbuka kwanza kwa nini umekwenda Garissa. Umefundisha darasa la tatu hapa kwetu tangu hujaolewa, bila cheti. Sasa tunaambiwa mwalimu asiye na cheti ataondolewa. Wewe ndiye mwanamke pekee anayefundisha katika shule hii. Ukiondolewa, najua ni wazazi wangapi watakaowatoa binti zao darasani, na wewe unawajua kwa majina.

Sasa kuhusu hilo la pahali. Nilipokuwa afisa wa elimu niliketi kwenye bodi ya chuo chako hicho hicho, Chuo cha Walimu cha Bulla Mto. Niliwaambia wenzangu kwamba katika mkoa wetu mwanamke huolewa kabla hajamaliza shule, na mwanamume huitwa na ngamia wa baba yake, kwa hiyo wengi watarudi kwenye vitabu wakiwa na mvi au na mtoto mgongoni. Chuo kinachomngoja kijana wa miaka kumi na minane peke yake ni kisima kilichochimbwa pasipopita mifugo. Wakakubali. Ndipo ikafunguliwa Ofisi ya Wanafunzi Watu Wazima, mlango wa kijani, kando ya ghala la vitabu. Mle kuna mwanamke wa kuwaangalia watoto wakati wa masomo, kuna mwalimu wa kuwarudisha kwenye hesabu wale waliozisahau, na kuna mshauri wa kuwasikiliza. Mpango ule niliuandika kwa mkono wangu.

Nenda kwenye mlango wa kijani, ugonge, useme jina lako.

Adeer wako,
Yarrow


Garissa
20 Mei 1996

Adeer Yarrow,

Nimegonga.

Mlango wa kijani una kufuli, na kufuli lina kutu. Nilichungulia dirishani nikaona viti vilivyovunjika vimepandana hadi kwenye paa. Nilimuuliza karani wa chuo, akasema ofisi hiyo ilifunguliwa siku ya kukata utepe, wakapiga picha, ikafungwa. Yule mwanamke wa kulea watoto hakuwahi kuajiriwa. Mwalimu wa hesabu za jioni hayupo. Mshauri ni jina lililochorwa mlangoni, na hilo nalo limefifia.

Unasema nina hasira. Ninayo. Nakuandikia Kiswahili makusudi, kwa sababu Kisomali changu kwako kina adabu nyingi mno. Nikianza kwa Kisomali nitakuombea dua, nitakubusu mkono, na karatasi itaisha kabla sijasema neno. Kiswahili ulinifundisha wewe, kwa fimbo. Acha kinifae.

Hivi ndivyo ninavyoishi. Watoto watatu wakubwa wako kwa mama mkwe, unajua. Najib ana miezi sita, hawezi kuachwa. Bweni halimtaki. Kwa hiyo nimepanga chumba kwa bibi mmoja, Saado, nyumba yake inatazamana na lango la chuo. Yeye humshika mtoto nikiwa darasani. Lakini lango hufungwa asubuhi na halifunguliwi hadi jioni, kwa ajili ya wavulana wanaotoroka kwenda kutafuna miraa. Mimi nakaa darasani nikimsikia mwanangu akilia ng'ambo ya ukuta. Maziwa yananitoka. Najifunika kwa daftari. Juzi mwalimu wa hesabu aliniona nimeinama, akaniuliza mbele ya watoto wale, "Mama, ulikuwa wapi wenzako walipokuwa wakisoma?" Wakacheka.

Nilikuwa Griftu, nikiwafundisha wadogo zao. Sikumjibu hivyo. Laiti ningemjibu.

Si mimi peke yangu. Yuko Isnino wa Balambala, ana mapacha. Tuko wengi wa kutosha kukijaza kile chumba.

Hinda


Griftu
29 Mei 1996

Hinda,

Nimesoma barua yako mara mbili, na mke wangu Sharifo nimemsomea. Yeye alisema maneno ambayo sitayaandika.

Usidhani sikuamini. Lakini nimefanya kazi serikalini muda mrefu na nimejifunza kwamba mlango kufungwa si ushahidi kwamba wenye nyumba ni wabaya. Pengine aliyeshika ufunguo alihamishwa. Pengine Mkuu wa chuo ni mgeni na hakuambiwa. Mtu wa bara akiletwa kwetu, mwaka wa kwanza anapigana na joto tu.

Fanyeni hivi. Mwende kwake wewe na Isnino, mmoja aseme na mwingine anyamaze. Anzeni kwa kumshukuru. Mkumbusheni kwamba mpango upo na uliidhinishwa. Msilaumu. Mtu akilaumiwa hutafuta ngao, akiombwa hutafuta ufunguo.

Na lile la mwalimu wa hesabu, ulifanya vyema kunyamaza.

Yarrow


Garissa
21 Juni 1996

Adeer,

Tulimshukuru. Alitupokea, akasema atalitazama. Tulirudi tukamshukuru tena. Safari ya tatu alituuliza kama sisi ni wanafunzi au ni wafadhili.

Sikiliza sasa lililotokea. Jumatatu Najib aliamka na homa. Katikati ya kipindi nilisikia kilio chake kimebadilika. Wewe umelea, unajua kilio cha njaa na kilio kingine. Nikatoka. Langoni alikuwepo askari, Bile, mzee wa watu, akasimama mbele yangu akasema kwa Kiswahili chake cha kazini, "Mama, bita hakuna. Mkuu nasema." Nikamwambia yule anayelia ni wangu. Akasema anajua, lakini kazi ni yake. Nikamsukuma, Adeer. Alianguka juu ya kigoda chake na redio yake ikavunjika. Nikapita.

Nilipata kumfikisha mtoto kliniki, na sasa ni mzima, alhamdulillah. Nikarudi chuoni kumwomba Bile msamaha. Yeye alinisamehe, akacheka, akasema nina mkono wa mchunga ngamia. Mkuu hakucheka. Amenifukuza darasani na kuniambia nisirudi mpaka nije na mzazi.

Nina miaka thelathini na sita. Nimezaa watoto wanne. Baba yangu yuko kaburini, Mungu amrehemu. Nije na mzazi.

Mume wangu Abdiwahab aliliacha lori lake la maji huko Dadaab akaja. Naibu wa Mkuu, Hamze, alimpokea na kumwambia mume si mzazi. Abdiwahab akauliza, basi mtoto aliyeleta haya yote amezaliwa na nani? Wakamwonyesha lango.

Kwa hiyo umebaki wewe. Sipendi kukuomba, lakini mtihani wa mwaka wa kwanza ni mwezi wa saba mwishoni, na nikiukosa nafasi yangu inapewa mwingine.

Jambo moja tu, na ulishike: ukifika, uje kwangu kwanza. Kabla hujaingia lango lao. Nyumba ya Saado, mlango wa mabati ya buluu. Nikuonyeshe kufuli kwa macho yako, ndipo ukaseme nao.

Hinda


Griftu
6 Julai 1996

Hinda, binti wa ndugu yangu,

Nimerudi salama na nina habari njema. Soma mpaka mwisho kabla ya kukasirika.

Nilikusudia kuja kwako kwanza. Lakini nilipoteremka stendi nilikuta gari la chuo linaningoja, na ndani yake Hamze, ambaye babu yake na babu yangu walinywesha katika kisima kimoja. Mwenyeji akija kukupokea kwa gari lake, huwezi kumwambia nipeleke kwa mtu mwingine kabla yako. Ungekuwa utovu wa adabu na ungekuharibia. Nikaingia.

Walinichinjia mbuzi. Mkuu alikula pamoja nasi na alikula vizuri, kwa mkono. Baadaye akanionyesha ofisi. Hinda, nimeiona. Imefagiwa, ina mkeka mpya na kitanda cha mtoto chenye chandarua. Nilifurahi kama mtu aliyeoteshwa ndoto na akaamka akaikuta. Nilikuulizia, wakasema uko darasani, usisumbuliwe.

Tukakaa tukasuluhisha, kama wazee wasuluhishavyo. Wao wamesamehe habari ya askari. Watakurudisha darasani na utafanya mtihani. Kwa upande wetu nimetoa neno kwa mambo mawili. La kwanza, utaomba radhi kwa Mkuu mbele ya chuo kizima, asubuhi ya gwaride. La pili, Najib ataletwa hapa Griftu kwa Sharifo mpaka umalize masomo. Wanasema mtoto mchanga karibu na chuo ni mfano mbaya kwa wengine, na ofisi wataifungua wakipata yaya wa kumwajiri. Maziwa ya ngamia yamewalea wengi, wewe mmojawapo.

Neno nimelitoa. Unajua neno la mzee halirudi likishatoka. Mtume mtoto na gari la Ijumaa.

Adeer wako,
Yarrow


Garissa
11 Julai 1996

Adeer Yarrow,

Mtoto simtumi.

Nilikuwa langoni. Tangu asubuhi nilisimama ng'ambo ya barabara, Najib mgongoni, Isnino kanifunika kwa mwavuli wake. Nilijua basi lako limefika. Nilijua wamekuchukua. Nikasema moyoni, akitoka nitamwona. Ukatoka. Ulikuwa umekaa mbele kwenye gari, na gari likapita pale nilipo, karibu hivi ningeweza kugusa mlango. Ulipunga mkono. Ulinipungia mimi, au uliwapungia watu tu?

Walikuambia niko darasani, wakati darasani sijakanyaga tangu Juni. Na wewe ulikwenda mwendo wote ule kwa sababu nimefukuzwa darasani. Hukujiuliza?

Nikuambie kuhusu ofisi uliyoiona. Viti vilitolewa jana yake na wanafunzi wa adhabu, vikarundikwa nyuma ya jiko. Mkeka ni wa msikiti wa chuo. Kitanda na chandarua ni vya mtoto wa Hamze mwenyewe, vilipita hapa mbele ya nyumba ya Saado juu ya mkokoteni, tukajiuliza nani kahama. Ulipopanda basi, kitanda kilikuwa kimesharudi kwao. Viti vimerudi. Kufuli limerudi.

Umekula mbuzi wao, Adeer. Hamze anajua mila zetu kuliko Mkuu, ndiye aliyemwambia amchinje. Alijua mzee akila hatabisha. Walikununua kwa nyama, na bei ilikuwa mwanangu.

Umenisuluhisha mimi na wao, na mimi sikuwepo. Ulipokuwa ukinifundisha, ulitupiga tulipojibu swali bila kulisoma. Wewe ulinisoma?

Sitaomba radhi kwa mtu niliyemshukuru mara tatu. Bile nilimwomba, kwa sababu Bile nilimkosea, na Abdiwahab amemnunulia redio nyingine. Na Najib hatakwenda popote akiwa bado ananyonya. Kama hilo linalirudisha neno lako, basi limerudi.

Wiki mbili zimebaki kabla ya mtihani. Ninasoma kwa Saado, Isnino ananiletea yaliyofundishwa.

Salamu kwa Sharifo.

Hinda


Griftu
17 Julai 1996

Hinda,

Sharifo alinitazama nikisoma, kisha akaichukua barua na kumpa msichana wa jirani amsomee mwenyewe, kwa kuwa hakuamini kwamba nilimsomea yote. Sikuwa nimemsomea yote. Hajanipikia tangu juzi.

Niliwapungia watu tu.

Nitakuambia kitu kingine. Chumba kile kilinuka chaki na panya. Mimi nimelea watoto saba, na chumba wanacholala watoto nakijua harufu yake: maziwa yaliyochacha, mkojo, mafuta ya kondoo. Pua yangu iliniambia pale pale mlangoni. Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa nimeshiba. Wewe unajua sheria hii, lakini acha niiandike, maana nimeitii maisha yangu yote bila kuitazama: ukila nyama ya mtu, mdomo wako ni wa kwake. Iliwekwa ili watu wawili wenye damu kati yao waweze kulala chini ya kivuli kimoja bila kisu. Haikuwekwa ili naibu wa mkuu wa chuo amfiche mtoto nyuma ya ukuta.

Nimekaa na hasira hii siku kadhaa nikingoja ipoe, kama nilivyokuwa nikiwafundisha ninyi. Haipoi. Mpango ule niliuandika kwa ajili ya wanawake kama wewe, na wamenionyesha maiti yake imevikwa nguo, nami nikasema mashallah.

Hakuna radhi utakayoomba. Mtoto abaki.

Neno la mzee halirudi, hiyo ni kweli. Lakini mbuzi hurudi. Nakuja, na safari hii nakuja kwako kwanza. Mwambie Saado asinipikie. Sitakula wala sitakunywa kitu Garissa mpaka nimalize, hata kwake.

Yarrow


Garissa
29 Julai 1996

Adeer Yarrow,

Uliondoka mapema mno na msafara wa mabasi yanayosindikizwa na polisi, kwa hiyo hukuona. Nakuandikia yaliyofuata kabla sokoni hawajayageuza. Wameshaanza. Kuna wanaosema ulikuja na mbuzi kumi.

Najua ulichokisema, nilikuwa nimesimama nyuma yako na Najib. Ulimfunga yule mbuzi kwenye nguzo ya baraza ya Mkuu. Wakaleta chai, ukaisukuma. Wakaleta maji, ukayasukuma. Hamze akabadilika rangi, lakini Mkuu alidhani huna kiu tu. Kisha ukasema, "Mlinilisha mbuzi nikawapa neno. Mbuzi wenu huyu hapa. Neno langu nimelichukua." Ukanishika bega ukatoka. Hukusema zaidi, nami nilitamani useme zaidi. Nilikuwa nimekuandalia maneno mengi.

Ulipoondoka, Bile ndiye aliyenisimulia, mbuzi alikula bustani nzima ya Mkuu, yale maua mekundu anayoyamwagilia jioni. Mkuu akasema achinjwe. Hamze akaruka: ukimla huyo, bwana, umeukubali ugomvi wake. Mkuu akasema basi afukuzwe. Hamze akasema akipotea, au fisi akimla, Griftu nzima itakuja hapa kudai, na hawatakuja na barua. Mkuu akauliza, afanywe nini sasa? Hamze akafikiri. Akasema afungiwe mahali salama penye kufuli, mpaka wazee wapatanishwe.

Na mahali penye kufuli, Adeer, unapajua.

Bile aliletewa ufunguo. Kutu ilimshinda, ikabidi alivunje kwa jiwe. Viti vikatolewa, mbuzi akatandikiwa majani makavu. Akawekewa maji. Ilikuwa jioni, lango wazi, nasi tulikuwa tumepanga mstari kwenye bomba la chuo, na ndoo zetu, tukitazama. Mwezi wa tano tuliambiwa chuo hakina pahali petu.

Isnino ndiye aliyetangulia. Aliweka ndoo chini, akawachukua mapacha wake, mmoja kila upande, akaingia akaketi karibu na mbuzi. Mimi nikafuata. Wengine wakafuata. Mkuu alikuja akitweta, akauliza nani ametupa ruhusa. Isnino akamjibu kwa sauti ya chini, kama anayeuliza njia.

"Bwana Mkuu, na huyu mbuzi alikuja na mzazi?"

Bile alikwenda nyuma ya ukuta kucheka. Tulimsikia.

Hatujatoka. Tumefagia. Saado ameingia na kigoda chake, yeye ndiye anayewashika watoto wote sasa, na Bile anamfungulia lango bila kuuliza. Kufuli lililovunjika Saado analitumia kuzuia kifuniko cha sufuria. Chuo bado hakijamlipa mtu, mwalimu wa hesabu za jioni bado hayupo, na mshauri bado ni rangi iliyofifia. Usiniandikie kwamba mambo yamekwisha.

Mtihani nimeufanya. Niliingia tu nikakaa. Hakuna aliyenizuia, lakini hakuna aliyenirudisha pia. Hamze amenipitia leo akasema, kwa upole wake ule, kwamba kesi yangu bado iko wazi na mhula ujao watamwita tena mzazi wangu wazungumze naye. Nilimwona akitabasamu. Anadhani anakujua.

Bado nina hasira nawe. Imepungua kidogo. Mbuzi wako ana mimba, ulijua?

Hinda


Griftu
4 Agosti 1996

Hinda,

Nilijua. Sharifo ndiye aliyemchagua.

Barua ya Hamze imefika pamoja na yako. Ananiita kwa heshima nyingi, na anasema gari litanipokea stendi. Nimemjibu Mkuu mwenyewe, na nimewapelekea bodi nakala. Nakuandikia hapa nilivyoandika, kwa kuwa ni habari yako na safari hii nataka uisome kabla yao:

"Bwana Mkuu, mmeniita kama mzazi wa Bi. Hinda. Nilimfundisha kusoma, na baba yake alikuwa ndugu yangu. Lakini katika jambo hili kuna mzazi mmoja tu, naye yuko chuoni kwenu kila siku. Mkiwa na neno, mwiteni yeye. Mimi msiniite tena."

Hasira yako kaa nayo mpaka mwalimu wa hesabu za jioni apatikane. Chuo kikifungwa uje na Najib. Sharifo ameanza kunipikia.

Yarrow